Wema Uliomo Ndani ya Unga

Tunapomtaja mfanyabiashara mwema katika jamii yetu, aghalabu tunamkusudia yule aliyetoa saruji, aliyechimba kisima au aliyefuturisha mayatima. Hatukusudii kuipunguza thamani ya sadaka hizo. Sisi tunaoandika risiti za msikiti twajua ni kuta ngapi zisingesimama bila wao. Lakini upo wema mwingine usio na risiti wala picha ya gazetini, nao ni ule unaotiwa ndani ya bidhaa yenyewe.

Mwezi wa Septemba 2015, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliafikiana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yanayotakiwa kutimizwe ifikapo mwaka 2030. Lengo la pili ni kukomesha njaa, na ndani yake umo utapiamlo wa kila aina. Kwa hakika ipo njaa ya aliyeshiba. Mtoto hula ugali mchana na usiku, tumbo likajaa, ilhali mwili unakosa madini ya chuma, zinki na vitamini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, na Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, ndio ulioongoza.

Sehemu ya sababu imo katika weupe tuupendao. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, pumba na kiini huondoka na virutubishi vingi. Kuku hufaidi kuliko sisi. Kwa mama, jambo hili ni zito zaidi. Asidi ya foliki humkinga mtoto na maradhi ya mgongo wazi, lakini uti wa mgongo hufunga ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba, kabla wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya kliniki, pamoja na manufaa yake mengine, kwa hilo huwa vimechelewa. Unga wa kila siku hauchelewi.

Viwanda vikubwa vilianza kubanwa na kanuni za urutubishaji zilizotungwa mwaka 2011. Hata hivyo, wengi wetu hula unga wa mashine ndogo za mitaani, ambazo faida yake ni finyu. Nani alipie virutubishi? Taasisi ya Sanku ililijibu swali hilo kwa akili ya kibiashara. Huwafungia wenye mashine kifaa kinachotia virutubishi kulingana na uzito wa unga. Kisha hununua mifuko mitupu ya unga kwa wingi na kwa bei nafuu, ikawauzia kwa bei yao ya kawaida, na tofauti inayopatikana hulipia virutubishi. Mwenye mashine angeinunua mifuko hiyo vyovyote vile. Mlaji haongezewi bei, na hakuna anayesubiri mfadhili azinduliwe ukumbini.

Ugumu uko kwenye amana. Unga uliorutubishwa hautofautiani kwa ladha, na macho ya mnunuzi hayaoni kitu. Mwenye mashine akikizima kifaa usiku, mnunuzi hatatambua kwa kuutazama unga. Sura ya 83 ya Qur'ani imepewa jina la wapunjao vipimo. Kwa maoni yetu, anayeuza mfuko wenye alama ya urutubishaji bila virutubishi amepunja kipimo hata kama mizani yake iko sawa.

Mnunuzi naye ana nguvu yake. Kamati za misikiti hununua unga kwa magunia kila Ramadhani, na shule na madrasa za bweni hununua mwaka mzima. Kwa kawaida tunamuuliza muuzaji bei na weupe. Kabla ya oda za Ramadhani ijayo, tunapendekeza iongezwe sharti moja katika barua ya zabuni: unga uwe umerutubishwa, na muuzaji akubali sampuli yake ipimwe.