Bunge Moja au Mabunge Mawili?



Huku kwetu Kibondo na Kasulu, redio hutuletea habari za nchi jirani kila siku. Jioni watu wamekaa barazani, mara wanasikia: "Seneti imekutana." Mzee anamgeukia kijana wake.

"Mwanangu, hiyo Seneti ni kitu gani?"

"Ni bunge la pili, baba. Wengine huliita bunge la juu."

"La pili la nini tena? Kwani la kwanza halitoshi?"

Swali la mzee ni zuri. Hata wataalamu wa sheria wanabishana juu yake. Hebu tulitazame pamoja.

BUNGE LA PILI NI NINI?

Bunge ni mkutano wa watu waliochaguliwa kutunga sheria na kuisimamia Serikali. Tanzania Bara, tangu uhuru mwaka 1961, tumekuwa na Bunge moja tu. Nchi nyingine zina mabunge mawili. Sheria ikipita katika bunge la kwanza, hupelekwa la pili. Huko huangaliwa tena. Inaweza kukubaliwa, kurekebishwa au kukataliwa.

Jambo hili siyo geni kwetu. Kijijini Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa nini? Kwa sababu watu wachache wanaweza kukosea, au kupendelea. Jambo kubwa linatakiwa lipite mbele ya macho mawili.

Basi bunge la pili ni jicho la pili. Lakini kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Tutaiona kwa jirani zetu.

KENYA: LILIFUTWA, LIKARUDI

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na mabunge mawili. Seneti ilikuwa na maseneta 41. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda majimbo, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Haikudumu. Serikali ilitaka nguvu zote ziwe mahali pamoja, na kufikia mwanzo wa mwaka 1967 Seneti ilikuwa imeunganishwa na bunge lile jingine.

Miaka ikapita. Watu wa mbali wakalalamika kwamba mali ya nchi inaishia Nairobi. Katiba mpya ya mwaka 2010 ikagawa nchi katika kaunti 47 na kurudisha Seneti. Kila kaunti huchagua seneta mmoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4, na Lamu haikufika watu 150,000. Lakini katika Seneti, Nairobi ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, na Lamu anao mmoja vilevile. Katika bunge la kawaida Lamu haiwezi kushindana na Nairobi. Katika Seneti wanakaa sawa.

Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi juu ya namna ya kugawa fedha za kaunti. Wengine waliona ni kelele na kuchelewesha kazi. Lakini watu wa kaunti zilizokuwa zinapunguziwa fedha waliona kuna mtu anayewasemea.

BURUNDI: SENETI YA KULINDA AMANI

Habari za Burundi tunazijua kwa macho yetu. Mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015, watu walivuka mpaka wakikimbia, na wengi walipokelewa katika wilaya zetu. Nyarugusu na Nduta ni majina tunayoyajua wote.

Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya amani ya Burundi mpaka alipofariki mwaka 1999. Mzee Mandela akayaendeleza, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwezi Agosti mwaka 2000. Swali gumu lilikuwa hili: Wahutu ni wengi, Watutsi ni wachache, na Watwa ni wachache zaidi. Kura zikihesabiwa tu, walio wachache watalala usingizi?

Katiba ya mwaka 2005 ikajibu hivi. Katika bunge la kwanza, Wahutu wawe asilimia 60 na Watutsi asilimia 40. Katika Seneti wawe nusu kwa nusu. Kila mkoa utoe maseneta wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja. Watwa nao wawe watatu. Kwa hiyo Seneti ile haikuwekwa kwa ajili ya fahari. Iliwekwa ili damu isimwagike.

Je, bado inafanya kazi hiyo? Katiba ya mwaka 2018 iliipa Seneti yenyewe miaka mitano ipime kama mgawo huo wa makundi uendelee au ukome. Mwaka 2025 mikoa ilipunguzwa kutoka 18 ikawa 5, na maseneta wakawa 13 tu. Katika uchaguzi wa mwaka huo chama kimoja, CNDD-FDD, kilipata viti vyote 10 vya maseneta wa mikoa. Kilikuwa pia kimepata viti vyote 100 vilivyopigiwa kura katika bunge la kwanza. Hapo ndipo mtu anauliza: kama macho yote mawili ni ya mtu mmoja, jicho la pili litaona nini ambacho la kwanza halikuona?

WALIOSEMA HAPANA

Malawi iliandika Seneti katika Katiba yake, lakini ikaifuta mwaka 2001 kabla haijakaa hata siku moja. Senegali iliifuta yake mwaka 2012, wakati wa mafuriko. Rais alisema fedha zake ziwasaidie watu waliopatwa na maafa. Bunge la pili ni mishahara, magari, nyumba na safari. Mlipaji ni mkulima na mfanyakazi.

NA SISI JE?

Sisi hatuna Seneti. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar siyo bunge la juu. Linatunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano.

Lakini siyo kwamba hatuna kinga. Muswada husomwa Bungeni mara tatu. Rais anaweza kuurudisha akieleza sababu zake. Na yako mambo makubwa ya Katiba, kama kuwapo kwa Muungano wenyewe, ambayo hayabadiliki mpaka yakubaliwe na theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Wazanzibari ni wachache, lakini hapo hawawezi kumezwa. Hiyo ni kazi ya Seneti, inafanyika bila Seneti.

Wahenga walisema, "Penye wengi hapaharibiki neno." Walisema pia, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Yote mawili ni kweli. Kwa hiyo tukisikia nchi ina bunge la pili, au inataka kulifuta, tuulize mambo mawili. Kwanza, ni nani angekosa sauti kama lisingekuwapo? Pili, waliokaa humo kweli wanamsemea huyo? Majibu yakiwa mazuri, gharama yake inastahili. Yakikosekana, ni viti tu.

Na sisi tulio mbali na Dodoma tusingoje seneta. Mbunge wa Muhambwe au wa Kasulu akija mkutanoni, tumwulize: muswada huu ulisemaje, na wewe ulisemaje? Sasa tunajua kusoma. Tunaweza kuomba kuuona.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini Lamu na Nairobi zina seneta mmoja mmoja wa kuchaguliwa?
2. Seneti ya Burundi iliwekwa kwa kusudi gani?
3. Kijijini kwenu, ni jambo gani haliwezi kuamuliwa bila Mkutano Mkuu? Je, ndivyo inavyofanyika?