Jina la Kuazima

Katika riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, mzee Saleh Omar anawasili uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, akiwa na pasi yenye jina la mtu mwingine. Ameusiwa asioneshe kwamba anajua Kiingereza, basi ananyamaza. Ofisa wa uhamiaji anapekua mzigo wake na kumchukulia kikasha cha udi, tunu aliyotoka nayo kwao Zanzibar. Tangu hapo kila anayemhudumia anamwita kwa jina ambalo si lake.

Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, mwenyewe alikimbilia Uingereza katika miaka ya 1960. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 2001. Sisi wa Pemba hatuhitaji kukumbushwa mwaka huo. Januari 27 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji waliopinga matokeo ya uchaguzi wa 2000, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya.

Huko walikuwako Wapemba waliotangulia zamani, tangu enzi za ukoloni: wavuvi waliosafiri na kusi wakifuata samaki, wakafanya maskani Kwale na Kilifi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa huko, lakini Kenya haikuwahesabu kuwa raia wake, na huku kwetu hawakuwamo katika daftari lolote. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu kwa jina lake. Hulazimika kuazima jina la jirani, na siku jirani akigeuka, hana pa kushitaki. Mtoto hodari darasani naye hufika mahali akadaiwa karatasi ambayo wazazi wake hawakupata kuwa nayo.

Januari 2023 Rais William Ruto aliwatambua Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya Kenya, na njia ya uraia ikafunguka. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini hebu tuhesabu: vizazi vizima vimezaliwa, vimeoa na kuzikwa vikingoja karatasi moja.

Hapo ndipo riwaya na maisha vinapokutana. Saleh Omar hakuazima jina kwa kupenda hila; njia ya jina lake ilikuwa imefungwa. Mwepesi wa kumwita mhamiaji mwongo na ajiulize kwanza ni mlango gani wa haki alioachiwa.

Kwetu Waislamu jambo hili lina hukumu iliyo wazi. Surat At-Tawba, aya ya 60, inamtaja msafiri aliyekwama miongoni mwa wanaostahiki zaka, wala haikushurutisha aoneshe pasi. Answari wa Madina waliwapokea Muhajirina waliofika mikono mitupu, wakagawana nao nyumba na mali.

Basi kwa familia za Gombani na kwingineko tuna nasaha mbili. Mtoto akizaliwa, aandikishwe mapema na cheti chake kihifadhiwe kama hati ya shamba, kwani hakuna ajuaye upepo utampeleka wapi. Na mgeni akibisha hodi, tumuulize kwanza kama amekula, kisha jina lake. Na atakalolitaja, tulitamke kwa heshima.