Iguana wa waridi: miaka 23 bila jina

Mtoto akiona mjusi wa rangi ngeni ukutani, huuliza: "Huyu naye ni mjusi kama wale wengine?" Mzazi mwenye haraka hujibu ndiyo, yakaishia hapo.

Katika Visiwa vya Galápagos, nchini Ecuador, swali kama hilo lilingoja jibu miaka 23.

Mwaka 1986 askari wa hifadhi waliokuwa kwenye volkano ya Wolf, kisiwani Isabela, walimwona iguana, yule mjusi mkubwa, akiwa na rangi ya waridi na mistari myeusi. Iguana wa nchi kavu waliozoeleka huko ni wa manjano. Hata Charles Darwin, aliyekaa visiwani humo wiki tano mwaka 1835, hakufika mlimani hapo.

Lakini rangi peke yake haitoshi kumtenga mnyama. Watoto wa tumbo moja nao hutofautiana, mmoja maji ya kunde, mwingine mweusi.

Ndiyo maana Gabriele Gentile, mtafiti kutoka Italia, na wenzake walichukua damu wakapima vinasaba. Walitazama pia magamba ya shingoni na namna iguana hao wanavyotikisa kichwa. Jibu lilishangaza: wa waridi na wa manjano wanaishi mlima mmoja, ila kwa hesabu za watafiti hao, koo zao zilitengana zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita. Kisiwa cha Isabela chenyewe hakijafikisha umri huo!

Spishi mpya ikitangazwa, kwa kawaida mnyama mmoja huuawa na kuhifadhiwa makumbusho kama kielelezo. Hawa walikuwa wachache mno. Aliyechaguliwa aliwekewa kifaa kidogo cha utambulisho mwilini, akaachiwa aende zake.

Mwaka 2009 wakapewa jina, Conolophus marthae. Neno hilo la pili ni kumbukumbu ya binti wa Gentile, aliyezaliwa akiwa amefariki.

Wakiwa na jina, wakaanza kuhesabiwa, na hofu ikaonekana: wakubwa walikuwa kama 200 tu, wote kwenye mlima huo mmoja, na wadogo hawaonekani. Paka waliozagaa porini huko hula makinda.

Mwaka 2022 hifadhi ilitangaza kuwa hatimaye makinda ya iguana wa waridi yameonekana.