Pua ya Nahodha na Kipimajoto: Kila Swali la Ukaguzi na Nyenzo Yake

Ukaguzi wa ubora huanza na swali, kifaa hufuata. Yako maswali yanayotaka namba: samaki hawa wana joto la nyuzi ngapi? Katika kila kapu, wangapi wamelegea? Na yako yanayotaka maelezo: kwa nini barafu inakwisha kabla dau halijatia nanga? Ni nani mwenye ruhusa ya kukataa mzigo? Wasomi huziita nyenzo za kundi la kwanza za kiidadi, na za kundi la pili za kitaamuli. Mkaguzi asiyezitenga hujaza daftari zima na asilitengeneze jambo hata moja.

Mimi ni mzaliwa wa Chula, kisiwa cha Wabajuni kati ya Kismayu na Ras Kiamboni, na kazi yangu ni kukagua samaki. Kwetu watu wanaishi kwa bahari: nguru, jodari, changu, papa, na kambakoche wanaofuatwa kwa mbizi chini ya miamba. Wazee walionilea hawakuwa na kifaa chochote, lakini hawakubahatisha. Nahodha humfunua samaki shavu aone wekundu wake, akambonyeza mnofu aone kama unarudi, akatazama jicho kama limetuna au limezama, kisha akanusa. Hukumu yake hutolewa kwa utaratibu uleule kila siku.

Watu wengi hudhani elimu hiyo imepitwa na wakati. Sivyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1996 kuhusu madaraja ya samaki inategemea mambo hayohayo: ngozi, jicho, mashavu, harufu na ugumu wa mnofu. Mkaguzi hupanga samaki katika daraja la juu kabisa, kisha A, kisha B, na aliyeshuka chini ya hapo hauzwi kwa chakula cha watu. Hiyo ni nyenzo ya kitaamuli, na inaaminika kwa sababu vigezo vimeandikwa, wakaguzi wamefundishwa, na wawili wakitazama samaki mmoja wanatarajiwa kukubaliana.

Ila kuna hatari ambazo pua haizifikii. Jodari akiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya mnofu wake. Anaweza kuonekana mzima na asitoe harufu mbaya, na mlaji akawashwa mwili, akaumwa kichwa na kutapika. Kumpika hakusaidii, kwa maana moto hauiondoi histamini. Hapa panatakiwa maabara. Sheria ya Ulaya inataka sampuli 9 kutoka kila shehena: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, zisizidi sampuli 2 zilizo kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja iliyopita 200. Nahodha hodari kuliko wote hawezi kunusa miligramu.

Hata hivyo, si kila penye tarakimu pamepimwa. Upo mfumo ulioanzia Tasmania, Australia, ambao humpa samaki alama za kasoro: jicho safi hupata 0, lililoharibika hupata 2 au 3. Alama zikijumlishwa huonyesha ubichi umepungua kiasi gani. Mfumo huo ni mzuri, lakini kila alama imetoka machoni na puani mwa mtu. Anayeipokea jumla hiyo na aulize ni nani aliyetazama, na amefundishwa wapi.

Namba nayo, ikishasema tatizo ni kubwa kiasi gani, haisemi limetoka wapi. Mjapani Kaoru Ishikawa aliwaachia wakaguzi mchoro wa mifupa ya samaki: tatizo huandikwa kichwani, na sababu zinazodhaniwa hupangwa kwenye miiba, yaani watu, vifaa, njia ya kazi, malighafi, mazingira. Nikikuta jodari wa nyuzi 12 badala ya kukaribia 0, kipimajoto kimemaliza kazi yake. Kuanzia hapo nauliza: "Nahodha, barafu mlipakia wapi? Mlikaa saa ngapi mkingoja mnunuzi?" Majibu huishia kwenye mwiba mmoja au miwili, na huko ndiko narudi na kipimajoto kuthibitisha.

Afrika Mashariki ililijua hili kwa gharama kubwa. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikaja marufuku nyingine kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya sumu katika uvuvi. Ili soko lifunguliwe tena, haikutosha kupeleka vyeti vya maabara. Wakaguzi wa Ulaya walitaka kuona mialo, maji ya kuoshea samaki, vyoo, na mamlaka yenye nguvu ya kusimamisha mzigo mbaya. Cheti kilisema habari za shehena moja; macho na mahojiano ndiyo yaliyosema kama shehena ya kesho nayo itakuwa salama.

Kwa hiyo nawaomba wavuvi wa Chula, Koyama na Kismayu, na kila mwenye kuuza chakula katika pwani hii: mfanye mambo mawili. Nunueni kipimajoto, mwandike joto la samaki wakitoka majini na wakifika sokoni. Kisha waketisheni wazee pamoja na vijana, muandike vigezo vyao vya jicho, shavu na mnofu, ili ujuzi huo usife nao. Mnunuzi akija na namba zake, mjibuni kwa namba zenu. Akiuliza kwa nini samaki wenu ni wazuri, muwe na maelezo yaliyoandikwa ya kumpa.