Kiraka na Maelezo Yake: Kanuni za Kuchangia Linux

Kiraka, katika ufundi wa programu, ni badiliko dogo linalopendekezwa na mchangiaji. Mradi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, una kanuni za viraka zinazostahili kuangaliwa na mwanaisimu. Kila kiraka hubeba badiliko moja tu, ili mhakiki aweze kukipima peke yake. Maelezo hutangulia kutaja kasoro, ndipo yakataja dawa. Nayo huandikwa katika hali ya kuamrisha, mfano wa “rekebisha”, wala si “nimerekebisha”. Tangu 2004 mchangiaji hutia sahihi kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Kanuni hizi si urembo: mwandishi huenda zake, programu ikabaki, na shahidi wa nia yake ni maelezo hayo.