Maji ya Udhu Yaende Wapi?

Ndugu Waislamu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Sisi je? Tuhesabu. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita mbili kwa udhu, kwa Sala tano hutumia lita 60 kila siku, yaani madebe matatu. Madebe hayo yamechotwa na mama au binti, ama yamenunuliwa. Kisha humwagika uani yakawa tope.

Wako wadhanio kwamba maji yaliyokwisha kutumika ni najisi. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji machache yaliyotumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Basi hayatawadhiwi, lakini mti wayanywa bila ya ubishi.

Tena mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia, baada ya kushauriana na wataalamu, lilitoa fatwa kwamba hata maji machafu, yakisafishwa mpaka yarudie rangi, tamu na harufu yake ya asili, huwa tohara na yafaa kwa udhu. Usafishaji huo wataka mitambo. Sisi majumbani tutosheke na bustani.

Twaa pipa, litoboe chini, utie kokoto, kisha changarawe, na juu yake mchanga uliooshwa. Pitisha humo maji ya udhu, ya kuogea na ya kufulia, yatoke chini yaende penye mgomba au mpapai. Maji ya choo, ya kufulia nepi na yenye dawa ya madoa yasiingie kabisa. Na ya jikoni yenye mafuta huziba mchanga.

Lakini jueni kwamba mchanga huzuia taka, hauui vijidudu vyote. Kwa hiyo maji hayo yasimwagiwe mboga ziliwazo mbichi, yasikaribie kisima, wala yasilazwe zaidi ya siku moja, kwani hunuka na kuzaa mbu. Na sabuni ina chumvi. Basi badilini shina mara kwa mara.

Enyi vijana, kazi ya pipa hili ni yenu. Kila debe la maji haya liendalo mgombani ni debe moja ambalo mama zenu hawatalibeba kichwani.

Wabillahi taufiki.