Muhuri mmoja, miaka 31: Safari ya Miriam Makeba kurudi kwao

MFANYABIASHARA anayepita Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anaujua uzito wa muhuri. Mzigo unaweza kuwa safi, bei ikawa imeshakubaliwa na mteja akawa anasubiri ng'ambo ya pili, lakini hati ikikataliwa dirishani, biashara imelala.

Miriam Makeba hakuuza vitenge wala mahindi. Aliuza sauti. Aliondoka kwao Afrika Kusini mwaka 1959 akiwa msanii mwenye mikataba nje ya nchi, akitarajia kurudi kama anavyorudi mtu yeyote aliyekwenda kutafuta riziki. Muhuri mmoja uliogongwa kwenye pasipoti yake mjini New York mwaka 1960 ulimfungia njia. Aliikanyaga tena ardhi ya kwao Juni 10, 1990, baada ya miaka 31, akiwa na pasipoti ya Ufaransa.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa Makeba marejeo yalikuwepo, ila yalichelewa mno.

Mama muuza pombe

Zenzile Miriam Makeba alizaliwa Machi 4, 1932, jijini Johannesburg. Alikuwa na umri wa siku 18 tu mama yake alipokamatwa. Kosa lilikuwa kutengeneza na kuuza umqombothi, pombe ya kienyeji ya mahindi na mtama, ambayo sheria za wakati ule zilimkataza Mwafrika kuiuza. Familia ilikosa fedha ya faini, mama akafungwa miezi sita. Mtoto akaenda naye. Nusu mwaka wa kwanza wa maisha ya Makeba ulipita gerezani.

Kisa hicho hakihitaji kufafanuliwa kwa mama lishe aliyewahi kumwagiwa sufuria na mgambo, wala kwa machinga aliyewahi kukimbia na bidhaa zake kichwani. Mama Makeba hakuiba. Alikuwa akifanya biashara ndogo mahali ambapo aliyeshika kalamu ya leseni hakutaka aifanye.

Baba alifariki Makeba akiwa na umri wa miaka sita. Mama akafanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu, na binti naye alipokua akafanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1950, akiwa na miaka 18, alimzaa Bongi, mwanawe wa pekee.

Muziki ndio uliomtoa huko. Katika miaka ya 1950 aliimba na kundi la Manhattan Brothers, kisha na Skylarks, kundi la wasichana watupu. Mwaka 1959 alicheza katika King Kong, tamthilia ya muziki iliyohusu maisha ya bondia mmoja. Wasanii weusi wengi wa enzi hizo walilipwa fedha ya siku ya kurekodi na basi. Mrabaha haukuwepo. Sahani zikiuzwa mia au laki, mwimbaji alikuwa ameshamalizana na kampuni.

Kutoka Venice hadi New York

Safari ya nje ilianza na filamu. Mwongozaji Mmarekani, Lionel Rogosin, alikuja Johannesburg akapiga Come Back, Africa kwa siri, akiwaficha wakuu wa serikali kwamba filamu hiyo ingeanika maisha ya watu weusi chini ya ubaguzi. Makeba alionekana humo kwa dakika chache tu, akiimba. Dakika hizo zilitosha. Alialikwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1959, akapita London, ambako alikutana na Harry Belafonte, mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa Marekani. Belafonte akamshika mkono.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Makeba alikuwa ameshaonekana kwenye televisheni ya Marekani na kupanda jukwaa la Village Vanguard, ukumbi mdogo wa chini ya ardhi jijini New York. Kumbi za aina hiyo ni za watu kukaa mezani, glasi mbele yao, mwimbaji akiwa hatua chache tu kutoka walipo. Hakuna pa kujificha. Sauti ikiyumba, kila meza inasikia. Makeba aliimba Kixhosa, lugha yenye sauti za kugonga ulimi ambazo wasikilizaji wale hawakuwahi kuzisikia, na wakarudi kesho yake na wenzao.

Hapo ndipo kazi yake ilipochanua. Na hapo hapo ndipo mlango wa nyumbani ulipofungwa.

Dirishani kwenye ubalozi mdogo

Mwaka 1960 mama yake alifariki. Makeba alifanya ambalo mtoto yeyote angefanya: alichukua pasipoti yake akaenda ubalozi mdogo wa Afrika Kusini mjini New York ili asafiri kwenda kuzika. Ofisa akaipokea na kuigonga muhuri wa kuibatilisha. Hapakuwa na kesi wala barua ya kujieleza. Mwaka huo huo, Machi 21, polisi walikuwa wamewaua waandamanaji 69 mjini Sharpeville, na serikali haikutaka mtu mweusi mwenye sauti inayosikika ulimwenguni aingie na kutoka apendavyo.

Mama akazikwa bila binti yake.

Mwaka 1963 Makeba alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na ubaguzi wa rangi akaomba dunia iisusie Afrika Kusini. Serikali ya kwao ilijibu kwa kumvua uraia na kupiga marufuku nyimbo zake. Hadi hapo alikuwa amenyimwa njia. Sasa akawa amenyimwa na nchi yenyewe.

Majirani walipofungua mlango

Sehemu hii ya kisa ndiyo inayogusa ukanda huu. Bara la Afrika lilikuwa likipata uhuru nchi moja baada ya nyingine, na serikali changa ziliamua kwamba mtu asiye na hati si lazima awe mtu asiye na kwao. Tanganyika ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompa pasipoti. Ghana, Guinea na Algeria nazo zilifanya hivyo, na nje ya Afrika, Ubelgiji. Katika maisha yake alishika pasipoti tisa na kupewa uraia wa heshima katika nchi kumi.

Naye hakuwa mgeni wa kupokea tu. Mwaka 1962 alikuja Kenya na kusaidia kuchangisha fedha kwa ajili ya harakati za uhuru, akishirikiana na viongozi kama Tom Mboya. Wakuu wa nchi walipokutana Addis Ababa mwaka 1963 kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliimba mbele yao. Aliimba pia katika sherehe za uhuru za Kenya, Msumbiji na Angola.

Kutoka huku aliondoka na Kiswahili mdomoni. Wimbo Malaika aliurekodi na Belafonte katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, iliyowapatia tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Dunia ikaufahamu wimbo huo, lakini nyumbani mabishano juu ya aliyeutunga hayajapoa: wapo wanaomtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi mapema, na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Ni mzigo uliovuka mipaka yote bila cheti cha uasili, na kila anayejua biashara anaelewa nani hupunjika mzigo wa namna hiyo unapouzwa mbali.

Mpaka wa pili

Marekani nayo ilikuja kumgeuka. Mwaka 1967 wimbo Pata Pata ulimpandisha juu kabisa. Mwaka 1968 akaolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za watu weusi aliyekuwa akifuatiliwa na serikali. Maonyesho yakaanza kufutwa moja baada ya jingine. Akiwa Bahamas, alizuiwa kurudi Marekani. Kwa mara ya pili, kazi na makazi vilibaki upande mmoja wa mpaka, yeye upande mwingine.

Walihamia Guinea. Makeba aliishi huko kwa takriban miaka 15, akaiwakilisha nchi hiyo Umoja wa Mataifa, na mwaka 1986 akapokea tuzo ya amani ya Dag Hammarskjöld. Lakini Guinea ndiko pia alikompoteza Bongi, mwaka 1985. Baada ya msiba huo alihamia Brussels.

Februari 11, 1990, Nelson Mandela alitoka gerezani, na akamhimiza Makeba arudi. Miezi minne baadaye akarudi. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mama aliyetaka kumzika alikuwa kaburini kwa miaka 30, na mtoto aliyemlea ugenini hakurudi naye. Mwaka uliofuata aliimba Johannesburg na kurekodi huko albamu Eyes on Tomorrow.

Kilichobadilika, na ambacho bado

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki leo, mambo mengi yamerahisishwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ikigusa watu, kazi na huduma, si bidhaa tu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za ukanda huu zisizozidi dola 2,000 za Marekani hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Hata ngoma na magitaa ya bendi yana utaratibu wa kuingia kwa muda, kwa sharti la kurudishwa yalikotoka.

Lakini hati zote hizo zina tabia moja: zinatolewa na serikali, na serikali inaweza kuzichukua. Ndiyo maana wazoefu wa mpaka huweka nakala, huangalia tarehe ya mwisho wa pasipoti kabla ya kufunga mzigo, na husisitiza kupewa sababu kwa maandishi wanapozuiwa. Makeba, pamoja na umaarufu wake wote, alijibiwa kwa muhuri tu.

Alifariki Novemba 2008, akiwa na miaka 76, kazini. Alikuwa amekwenda Castel Volturno, kusini mwa Italia, kuimba katika onyesho la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyetishiwa maisha na magenge ya wahalifu. Katika mji huo huo, miezi miwili kabla, Waafrika sita waliokwenda kutafuta maisha walikuwa wameuawa kwa risasi. Makeba alimaliza kuimba, akaanguka. Safari hii hakuna aliyemzuia kurudi: mwili wake ulisafirishwa hadi Afrika Kusini.